Mlio wa Kopo

Tangu kulipokucha Marta alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe wao, Kijivu, kibuyu mapajani, na hakuna tone lililoshuka. Ndani ya nyumba Tabea, mwanawe aliyetoka kuugua surua, alikuwa akilia. Mtoto alikataa uji, akakataa mtori wa ndizi. Alichokubali ni maziwa tu.

"Tikisa tena," alisema mumewe, Yoeli, akiegemea mgomba.

Marta akalitikisa kopo la magadi. Tangu ndama wake afe, Kijivu alizoeshwa hivyo: kopo lilie, magadi yafuate, naye aachie maziwa. Ikafika mahali akawa anaachia kwa mlio peke yake, kabla hata ya kulamba. Leo aligeuza shingo, akalitazama kopo, kisha akatazama zake migomba.

"Una mikono ya baridi. Mama alinionya."

"Basi mama yako aje akamue yeye!"

Kwa hasira Marta akalifungua kopo amwonyeshe ng'ombe magadi yake. Kokoto zikamwangukia miguuni.

"Baba Tabea! Nini hii?"

Yoeli akakuna kichwa. "Vita hii ya Mwingereza imeadimisha kila kitu. Nami niliona anaridhika na mlio. Nikasema, ya nini kwenda kuyanunua Kisongo kila mara?"

"Aliridhika kwa sababu alikuamini! Kama mimi na kanga uliyoniahidi ya Krismasi. Kila ukiitaja, napalilia kahawa mpaka mgongo unakatika. Iko wapi?"

Yoeli akacheka. Marta hakucheka.

Kesho yake aligonga kikombe cha bati, kama afanyavyo chai ikiwa tayari. Yoeli akaja mbio kutoka shambani, akaketi, akakipeleka mdomoni. Kokoto zikamgonga meno.

"Mama Tabea!"

"Kunywa. Mlio si umeusikia?"

Yoeli akashika njia ya Kisongo, akarudi jioni na magadi begani. Kopo likalia, Kijivu hakujali. Ikabidi Marta amsogezee magadi puani mpaka alambe, na kesho tena, na kesho kutwa, hadi asubuhi moja kiwele kikalegea na kibuyu kikaanza kuvuma. Tabea alikunywa, akalala na povu midomoni.

Yoeli alichungulia mlangoni. "Kijivu amerudia hali yake. Sasa tukichanganya kokoto kidogo tu..."

Marta akalifunga kopo kiunoni kwa kanga yake iliyochakaa, akampita.