Siku Ubao Uliposhushwa

Kila asubuhi saa mbili na nusu naingia kidato cha pili kufundisha historia, nawasalimu nikiwa nimekazia macho sakafu, kisha naugeukia ubao. Chaki nyeupe ya maelezo, nyekundu ya miaka. Naandika kuanzia kona ya juu mpaka mkono unafika usawa wa magoti, nafuta, naanza upya. Kipindi kikiisha natoka. Muhula mzima wanafunzi wangu walikijua kisogo changu kuliko uso, na ndiyo maana wakaniita Madam Kisogo. Jina hilo nalijua kwa sababu limechorwa kwenye dawati la mbele, tena kwa mwandiko mzuri.

Jumanne ile niliisalimu sakafu, nikageuka na chaki mkononi, nikakutana na ukuta mtupu. Misumari minne tu.

"Ubao uko nje, madam," akasema mvulana wa dawati la mbele anayeitwa Wakili, kwa kuwa hakuna kosa lisilo na utetezi wake. "Fundi anaupaka rangi. Anasema uliomba mwenyewe."

Kweli niliomba. Miezi miwili nyuma nilijaza fomu kwamba ubao umechakaa, chaki haishiki. Nikachungulia dirishani. Ubao ulikuwa umelazwa juu ya matofali, unang'aa kwa rangi mbichi, na fundi amechuchumaa kando akipiga mluzi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilijifariji kwamba ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nilikuwa nimeandika barua kuomba nihamishiwe stoo ya vitabu, kwa sababu vitabu havimtazami mtu. Mkuu wa shule angeisaini asubuhi hiyohiyo. Jana yake Mama Taaluma, mwalimu anayesimamia masomo, aliniuliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikajibu, "Sawa, mama." Ndilo jibu langu la kila kitu, hata nikiulizwa jina.

Ningewaambia wasome kimya, lakini vitabu vilikuwa kumi na kimoja, wanafunzi arobaini.

"Leo... tutaangalia vyanzo vya historia," nikasema.

"Hatusikii, madam!" wakaitikia wa nyuma.

Macho yangu yakakimbilia kwenye kona. Pale palikuwa na kengele ya shule, yaani rimu kuukuu ya lori, iliyodondoka Ijumaa ikawekwa darasani kwetu pamoja na kipande cha kamba yake. Tangu siku hiyo tulikuwa tunapigiwa filimbi.

"Haya," nikasema, safari hii kwa nguvu kidogo. "Kengele ilidondokaje?"

Mikono arobaini ikapaa.

"Upepo, madam!" Wakili hakusubiri kuitwa. "Nilikuwepo kwa macho yangu. Ulivuma, kengele ikayumba, ikaanguka puu!"

"Muongo huyo! Alikuwa kwenye foleni ya maji," akadakia msichana wa karibu na dirisha. "Ni kiranja. Aliigonga kama wana ugomvi."

Kiranja akasimama, amevimba. "Mimi? Niligonga mara tatu kama kawaida. Ya nne ilijigonga yenyewe!"

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, na katikati ya kucheka nikagundua kwamba nimewatazama nyusoni, na hakuna kilichonipata.

"Mashahidi watatu, kengele tatu," nikasema. "Tumwamini nani?"

"Kamba."

Ilikuwa sauti ndogo kutoka dawati la mwisho, ya msichana ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno. Nikamwita mbele. Alikuja akiangalia viatu vyake, na mwendo ule nikautambua, maana ni wangu. Akaiokota kamba, akaifungua nyuzi kwa kucha.

"Haijakatika ghafla," akasema. "Imeliwa polepole. Mpaka nyuzi za ndani zina kutu ya chuma."

"Kwa hiyo?"

Akafikiri. "Kwa hiyo haikuanza Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku tuliyosikia kishindo tu."

Nimekaa chuoni miaka mitatu, nimesoma sababu za vita na za kuanguka kwa falme, na sijawahi kusikia jambo hilo likisemwa vizuri namna ile. Nikatafuta ubao niliandike. Hakuna ubao. Nikamwambia alirudie, akalirudia, safari hii kichwa juu.

"Kamba hiyo nimeifunga mimi!" Fundi alikuwa amechomoza dirishani, brashi mkononi. "Haina hata mwaka!"

"Tuwe macho, madam," akasema Wakili. "Shahidi huyu ana lake jambo!"

Fundi akarudi kwenye rangi yake huku akisonya, darasa likampigia makofi. Filimbi ya kipindi ikalia, na hakuna aliyeinuka.

Ndipo nikamwona Mama Taaluma mlangoni, sijui amesimama tangu lini. Mkononi alikuwa na barua yangu.

"Mkuu ameshashika kalamu," akasema. "Nikamwambia asubiri, nikachukue neno lako la mwisho. Nimpelekee asaini?"

"Sawa, ma..." Ulimi ulishaanza safari yake ya kila siku. Nikautazama ukuta wenye misumari minne. Nikamtazama yule msichana, kamba bado mkononi, naye ananitazama.

"Hapana," nikanong'ona.

"Hatusikii, madam!" wakapaza sauti wa nyuma.

Nikavuta pumzi, na nikasema kwa sauti iliyomkatiza hata fundi mluzi wake:

"Hapana, mama! Sikuipenda stoo hata siku moja. Nilikuwa nawaogopa hawa tu. Nataka kuwafundisha."