Damu ya Dorkas Ilivyochemka

Dorkas alianza kukohoa akiwa anapiga pasi suti ya mumewe, nyumbani kwao Kitaji, mjini Musoma. Mumewe, Clementi, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa na mzee wa kanisa, na kesho yake alitakiwa asimame mbele ya waumini kuzungumzia chanjo ya Korona kwa mara nyingine. Msimamo wake ulijulikana: mwenye imani hachanjwi. Gari la chanjo lilipopita mtaani kwao, Dorkas alikuwa amejifunga kanga akatoka mpaka getini, kwa sababu alikuwa na kisukari na nesi alishamwambia watu kama yeye watangulie. Clementi alimrudisha ndani kwa upole. Alimuuliza tu, mke wa mzee wa kanisa akionekana kwenye foleni ile, yeye atasema nini Jumapili.

Siku chache baadaye Dorkas alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Mdogo wake wa kike, Gati, muuza vitenge sokoni, alifunga kibanda akampeleka hospitali. Wakamlaza, wakamwekea oksijeni, na Eliud wa maabara akaja kumtoa damu. Kabla Eliud hajafika mlangoni, damu ilikuwa inachemka ndani ya kichupa. Alirudi akachukua kitambaa, akakishika kama mtu anayeepua sufuria, akaenda kupima.

Dokta Silasi alimweleza Gati majibu kwa lugha nyepesi. Korona ikimkamata mtu vibaya, alisema, mwili hupigana nayo mpaka unajiunguza wenyewe, na kwenye damu kuna alama za kuonyesha moto huo umefika wapi. Za Dorkas zilikuwa juu sana. Waliochanjwa nao huugua, wengine hufa, ila mara nyingi damu zao huwa na nafuu. Akaandika dawa ya kupoza ule moto, kisha akaomba trei ya bati, kwa kuwa ya plastiki ilikuwa imeshayeyuka.

Wodi ilizoea. Ndugu wa wagonjwa wengine waliomba kupasha uji ubavuni mwa Dorkas, naye akawakubalia kwa kichwa. Manesi walitundika mashuka mabichi kwenye vyuma vya kitanda chake, yakakauka kabla ya chai ya saa nne. Gati alikaa akimpepea. Jasho la dada yake liligeuka mvuke kabla hajalifuta.

Wiki hiyohiyo Clementi naye akaletwa, ana homa na kikohozi. Eliud alikwenda kwake na kitambaa tayari mkononi, lakini hakukihitaji. Kichupa kilikuwa cha baridi, kimetoka umande kwa nje kama soda ya kwenye friji. Nesi Anastazia alikitazama, Gati akiwa palepale na chupa ya uji.

"Mzee, wewe ulichanjwa lini?"

Clementi alimwomba ashushe sauti. Nesi alipoondoka, Gati aliweka chupa chini.

"Shemeji, ulichanjwa?"

"Bunda. Nilikuwa nimefuata mzigo."

"Na dada je?"

Clementi alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa jambo la maana. "Gati, mimi ndiye natafutaga. Nikianguka mimi, nyumba itakula nini? Na kule Bunda hawanijui."

Gati alimmiminia uji, maana alikuwa mgonjwa, akarudi wodi ya wanawake. Alikusudia kunyamaza, lakini Dorkas alimwona usoni akamuuliza, ikabidi aseme. Dorkas alisogeza barakoa ya oksijeni pembeni.

"Najua," alisema. "Nilimkanda mkono siku ile. Nilidhani atanipeleka na mimi."

Clementi aliruhusiwa, akatoka kwa miguu yake. Dorkas alifariki kesho yake mchana.

Walimzika Butiama, kwa wakwe zake. Vijana waliobeba jeneza walijiviringishia magunia mikononi. Clementi aliwaambia waombolezaji kwamba ni mapenzi ya Mungu. Udongo wa kaburi ulikauka siku hiyohiyo na haukupoa tena. Msimu wa mvua ulipofika, wanawake wa boma lile walianika mihogo juu yake, na mbuzi wakalala pale kukikucha baridi. Mama mkwe aliwaambia wageni kwamba Dorkas alikuwa mchapakazi, na hata sasa bado anasaidia.

Gati alikaa na uchungu wake muda mrefu. Mwishowe alipanda basi kwenda kuchanjwa Bunda, kwa kuwa Musoma wateja wake wengi walikuwa wa kanisani. Kwenye benchi la zahanati alimkuta Clementi, mkono wa shati umekunjwa, amefuata dozi ya nyongeza. Safari nzima Gati alikuwa akipanga maneno ya kumwambia siku watakayobaki wawili. Clementi alimsalimia, akauliza biashara inaendaje, kisha akasogea kumpisha. Gati akaketi.

Jumapili Clementi alisimama mbele ya waumini akasema mwenye imani hachanjwi. Gati alikuwa kwenye safu ya akina mama, bega likimuuma. Kando yake mama mmoja aliyekuwa na kisukari aliitikia amina kwa sauti.

Gati naye akaitikia.