Kanga Iliyolowa

Upepo wa usiku ulikuwa umeupasua mfuko wa kitambaa unaowaonyesha marubani upepo unatoka wapi, na mlingoti wa kiwanja kidogo cha ndege cha Ibra, huko Omani, ukabaki mtupu. Kaltham hakustahimili kuuona hivyo. Mdogo wake Khalaf alikuwa njiani kutoka Sur na kindege chake kipya, amempakia mama yao, Bi Rahila. Akavua kanga aliyojitanda, akamwamuru mumewe Harub aifunge juu, kisha akasogea nyuma kuitazama, ameridhika kama fundi aliyemaliza joho.

Ilikuwa Januari ya 1982, na mvua ilikuwa imenyesha sana milimani. Kando ya kiwanja wadi, bonde lisilo na maji ila mvua ikinyesha, ilikuwa imeshuka, maji mekundu yanavuma. Jamaa wote walikuwa wamekuja kupokea, mbuzi ameshachinjwa, madele ya kahawa yako tayari.

Khalaf alikuwa fahari ya ukoo ule, na kichekesho chake pia. Tangu walipokuwa wakiishi Unguja alikuwa hanyanyuki penye karata mpaka ashinde, hata wenzake wakisinzia na wali ukipoa. Kaltham ndiye aliyemlea hivyo, akimpigia makofi kila alipokataa kushindwa.

Manyunyu yakaanza tena. Mlio wa injini ukasikika mawinguni, na Harub akainua macho kwenye mlingoti.

"Mke wangu, kanga yako imelala."

"Si upepo umetulia."

"Na hilo buibui lako je?"

Buibui lilikuwa likimpiga miguuni, likivutwa kuelekea wadi. Kanga ilikuwa imelowa chepechepe, imejibana kwenye mlingoti, inamwambia aliye angani kwamba huku chini ni shwari. Kaltham alitimua mbio kuelekea kiwanjani, mikono juu, akipiga kelele ambazo hata Harub hakuzielewa. Kindege kilikwisha kuinama kutua.

Gurudumu moja liligusa ardhi. Upepo ukakisukuma kindege kwa ubavu, bawa moja likashuka, kikateleza kwenye tope kuelekea majini. Kaltham alifumba macho. Alipoyafumbua, injini ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zake zote na kindege kinapita juu ya wadi, kimo cha mtende tu.

Sasa atarudia, aliwaza. Alimjua mdogo wake. Wakubwa zake wote walikuwa wamesimama pale wanamtazama, na yeye ndiye Khalaf.

Kindege kilizunguka mara moja, juu kabisa, kikatikisa mabawa, kikashika njia ya Sur ambako asubuhi ile kulikuwa kweupe.

"Ameogopa," alisema mzee Hashil, ami yao.

"Ameogopa, alhamdulillahi!" Kaltham alimjibu, akilia mbele ya watu bila kujali. Hakuwahi kumpenda mdogo wake kama saa ile alipokuwa akiwapa mgongo.

Kesho yake jioni waliingia kwa Land Rover iliyojaa tope. Bi Rahila alishuka akikilalamikia kiuno chake na barabara yote ya Sur. Khalaf alimwendea dada yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kanga ile ilikuwa yangu, Khalaf. Ni mie niliyeifungisha."

"Najua. Niliitambua toka juu. Nikasema, maadam dada yupo, basi pako salama."

Kaltham alimpangusa tope begani.

"Na wallahi nilitaka kurudia," Khalaf aliendelea kwa sauti ndogo. "Mikono ilikuwa ikiniwasha. Lakini nilikuona unakimbia. Nikasema, dada hakimbii bure."

Ndani, watu walikaa kungojea kahawa. Nyumbani kwao ilianzia kwa wakubwa, na Khalaf, mdogo wa wote, siku zote aliipata mwisho. Kaltham alimimina kikombe cha kwanza, akampita mama yake, akampita na mzee Hashil aliyekwisha kunyoosha mkono, akasimama mbele ya mdogo wake.

Khalaf hakukigusa. Aliwatazama wakubwa, mmoja baada ya mwingine.

"Pokea, baba," alisema Bi Rahila. "Inapoa."