Gesi Inakwenda Wapi

Jirani wa mlango wa pili aliposikia kwamba binti wa Mama Fundi anarudi chuoni, aliuliza anasomea nini safari hii. Mama Fundi akajibu, "Sera." Jirani akasikia "sala," akafurahi kweli kweli, akasema kila ukoo unahitaji mtu wa kuuombea. Ikabidi Mama Fundi aanze upya: shahada ya uzamili, sera za umma, upande wa sayansi na teknolojia. Maneno hayo alikuwa ameyakariri kutoka kwa binti mwenyewe, kipande kwa kipande, kama mtu anayeelekezwa nyumba asiyowahi kufika. Jirani alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi akimaliza aje anitengenezee redio," akasema.

Mama Fundi akacheka, maana hata yeye hakuwa na hakika kama redio imo au haimo. Shule aliionja tu, madarasa machache ya mwanzo, akatolewa kwenda kulea wadogo zake. Lakini alikuwa na watoto wawili, na wote wawili walikuwa wamemtoa kimasomaso.

Mkubwa ndiye Fundi. Baba yao alipofariki kijana alikuwa katikati ya sekondari. Akavua sare, akavaa ovaroli ya marehemu, mikono ameikunja, akafungua karakana ya friji, wageni wa msiba wakiwa bado hawajaondoka wote. Mdogo ndiye Msomi, jina alilopewa nyumbani tangu alipokuwa akisoma hata karatasi ya kufungia sukari. Huyu hakukosa shule. Friji za watu ndizo zilizomsomesha, na Fundi hakuwahi kuficha hilo wala kulisema kwa uchungu. Friji ikitoka pale inagandisha, alimpigia mdogo wake na kumwambia, "Muhula wako umepona, nimeutia gesi."

Mwaka wa mwisho wa masomo hayo ya uzamili, Msomi alikuja likizo akasema anatakiwa kuandika kitabu cha utafiti, na ameamua kuandika juu ya friji za mitumba na mafundi wake. Fundi alipoambiwa kwamba yeye ndiye atakayeulizwa, alikwenda kunyoa.

Mama Fundi alikuwapo siku ya maswali. Alikuwa ameketi mlangoni mwa karakana anachambua mchele, na wanawe wako ndani, mmoja juu ya kreti, mwingine amepiga magoti nyuma ya friji. Simu ya Msomi ilikuwa juu ya meza ya kazi, kati ya koleo na mtungi wa kuchomelea, inanasa sauti.

"Haya, kaka, nieleze kama mtu asiyejua friji ni mdudu gani."

"Kwani unamjua?"

"Kaka, tafadhali."

"Nakutania tu, Profesa. Tazama hapa. Hii ni kompresa, ndiyo moyo wake. Imekufa. Kabla sijaitoa lazima gesi ya zamani itoke." Akabana bomba jembamba kwa koleo, likakatika, ikasikika pssss ndefu mpaka ikaisha.

"Imekwenda wapi?"

"Nani?"

"Gesi. Inakwenda wapi?"

Fundi akanyanyua uso, akaelekeza koleo darini. "Kwa Mungu."

Wakacheka wote watatu. Msomi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza kama mafundi wote wanafanya hivyo, na Fundi, kwa kuwa anayeuliza ni damu yake, akamweleza yote bila kupunguza. Kwamba ipo mashine ya kuinyonya gesi ile na kuihifadhi, ameiona kwenye picha. Kwamba hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuinunua hata akiuza na ovaroli. Kwamba wote wanaiachia tu, na yeye pia, na baba yao kabla yake.

"Ni mbaya?" akauliza Fundi.

"Ni mbaya sana, kaka. Inaharibu anga, inaongeza joto duniani."

"Basi andika watuletee hiyo mashine."

"Ndiyo nia yangu."

Aliandika, akafaulu, akapata kazi katika idara ya serikali inayoshughulika na mambo hayo hayo. Mama Fundi alipewa picha ya mahafali, Msomi amevaa joho na Fundi pembeni yake amevaa koti la kuazima. Aliitundika ukutani. Jirani alipokuja aliisifu, kisha akaulizia redio.

Mwaka ukapita, na zaidi. Siku moja chama cha mafundi kikaletewa taarifa kwamba idara inaandaa sera mpya ya friji na viyoyozi, na kwamba wadau wote wanaalikwa kutoa maoni. Fundi akamsomea mama yake.

"Wadau ni akina nani?" mama akauliza.

"Ni sisi. Watu wanaohusika."

"Na mdogo wako hakukwambia kitu?"

"Atakuwa na shughuli nyingi. Twende, mama. Ukamwone anavyoshika kipaza sauti."

Hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Alitia mafuta miguuni, akavaa gauni lake la harusi za watu, wakaenda. Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na chupa ya maji mbele ya kila mtu. Wakaketi nyuma. Mbele kulikuwa na mwenyekiti, mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia, na pembeni yake Msomi, ametulia, anapendeza. Mama Fundi akamgusa kiwiko mwanawe. Fundi akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Msomi akasimama, akaanza kueleza. Picha zikawa zinabadilika ukutani. Alisema gesi hizi zinafanya nini angani, na Mama Fundi hakubisha, maana joto alikuwa akiliona mwenyewe. Alisema friji za mitumba hazitaruhusiwa tena kuingia nchini. Fundi akaacha kutabasamu. Alisema tatizo kubwa liko kwa mafundi wa mitaani, na hapo ndipo macho yake yalipofika nyuma ya ukumbi.

Aliwaona. Mama Fundi aliona kwamba amewaona, kwa sababu mkono uliokuwa ukielekeza ukutani ulibaki hewani. Lakini picha ilikwisha badilika, maneno yako ukutani kwa herufi kubwa, na mwenyekiti amegeuka kumtazama. Angeweza kuruka. Mama Fundi alilifikiria sana jambo hilo baadaye, na kila alipolifikiria aliona kwamba mtoto alikuwa na nafasi ya kuruka.

"Katika utafiti wangu," Msomi akasoma, sauti imepungua kidogo, "fundi mmoja aliulizwa gesi anayoitoa kwenye friji inakwenda wapi. Akajibu: kwa Mungu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti alivua miwani akaipangusa. Mtu aliyeketi mbele yao aligeuka, mwenye furaha zake, akamwambia Fundi, "Hawa watu bwana," kama wanaocheka pamoja. Fundi akamjibu, "Acha tu."

Ulipofika wakati wa maswali Fundi akanyoosha mkono. Mama alimvuta shati, naye akasimama hivyo hivyo shati limevutwa.

"Mdau, jitambulishe na utaje taasisi yako," mwenyekiti akasema.

"Mimi fundi friji."

"Taasisi?"

"Karakana."

Wakacheka tena, safari hii kidogo. Fundi akasubiri waishe.

"Swali langu fupi. Sera hii ikipita, mimi kesho nafungua au nafunga?"

Mwenyekiti akamsogezea Msomi kipaza sauti. Msomi akakishika kwa mikono miwili.

"Asante sana, mdau, kwa swali zuri. Mafundi wenye cheti cha sekondari watapewa mafunzo na leseni. Wasio nacho..." Akatazama karatasi. "Wasio nacho watashauriwa kutafuta shughuli mbadala."

Mama Fundi hakuelewa "mbadala" mara moja. "Mdau" ndilo alilolielewa.

Msomi aliwakimbilia nje, kwenye ngazi, viatu vyake virefu vikigonga. Alikuwa ametota jasho puani kama alivyokuwa akitota utotoni akiwa amevunja kitu.

"Kaka, nisikilize. Nilipendekeza mashine zinunuliwe kwanza, zigawiwe mafundi. Hilo lilikuwemo. Wakalikata, wakasema bajeti haipo. Mimi ni mdogo pale, sina kauli."

"Ungesema leo."

"Mbele ya bosi wangu?"

"Mbele yangu ulisema ya Mungu."

Watu walikuwa wakishuka ngazi, wanawapisha.

"Sikukutaja jina," akasema.

"Hukunitaja, kweli. Na cheti cha sekondari je, hilo nalo walilitia wao?"

Mama Fundi alimwona binti yake akitafuta uongo, akaukosa. Alimhurumia kwa hilo, na aliona afadhali angeupata.

"Hilo niliandika mimi," Msomi akasema. "Kila leseni ina sharti, kaka. Nchi zote zinaandika hivyo. Sikukufikiria wewe."

"Hapo nakuamini," Fundi akasema. Akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Mama Fundi alitaka kugeuka nyuma, na hakugeuka, na hakujua alifanya hivyo kwa ajili ya nani.

Sera ilipita. Walikuja maafisa wawili, vijana wenye adabu, wakapiga rangi nyekundu mlangoni mwa karakana na kutia kufuli. Fundi aliwasaidia kushika ngazi. Vyuma akamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, akabaki nyumbani kwake amelala chali, wanawe wanampita kwa kunyata, mkewe anaongea na sufuria. Mama Fundi alipita kila asubuhi kumpa pole, na kila asubuhi alipewa jibu moja, kwamba hana homa.

Kisha siku moja akamkuta amevaa suruali ya kutokea na kubeba mfuko wa sokoni, juu yake majani ya mboga. Chini ya mboga kulikuwa na koleo na mtungi mdogo. Friji za watu zilikuwa zinaendelea kufa, sera au si sera, na wenye leseni walikuwa wachache na wenye maringo. Basi watu wakamwita Fundi kimya kimya, naye akaenda kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Zamani alikuwa akikata bomba karakana iko wazi, upepo unapita. Sasa alifunga madirisha ya jiko la watu na kuwasha redio, ili jirani asisikie ile pssss. Akitoka humo macho yamemwiva, anakohoa hadi njiani. Mama yake aliyajua hayo yote. Ndiye aliyekuwa akimpangia mboga juu ya mfuko.

Msomi alikuwa anatuma salamu na mahitaji, ila kuja haji. Alipokuja hatimaye alikuja peke yake, mchana, na keki ndani ya boksi. Alikuwa amepandishwa cheo. Walikaa sebuleni chini ya picha ya mahafali, mama akamimina chai.

"Mama, sera yetu imefanya vizuri," akasema, bila majivuno, kama anayetaka kumpa mtu faraja. "Friji chakavu haziingii tena. Na ripoti zinaonyesha mafundi wasio na leseni wameacha kabisa."

"Wameacha?"

"Kabisa. Sasa nimepewa kuandika walikokwenda. Yaani maisha yao baada ya hapo. Nikiweza kuonyesha kwamba wameumia, huenda wakarudisha lile la mashine. Nataka kulitengeneza, mama." Akaweka kikombe chini. "Kaka anafanya nini siku hizi?"

Simu yake ilikuwa juu ya meza, karibu na boksi la keki. Ilikuwa imezima, au imelala. Mama Fundi hakujua kuzitofautisha. Aliitazama, akamtazama mtoto. Uso ulikuwa wa kweli, hilo aliliona. Ulikuwa wa kweli hata siku ile alipoketi juu ya kreti karakanani.

"Hajambo," akasema.

"Najua hajambo. Anaishi vipi?"

"Anaishi."

"Kwa kazi gani?"

"Sijui, mwanangu."

"Mama. Unamwona kila siku."

"Namwona akipita."

"Unaniambia mimi. Huiambii ofisi."

Mama Fundi alifikiri. Alitafuta ndani mwake mahali ambapo mtoto huyu anaishia na ofisi inaanzia, na kwa kuwa hakukaa shuleni wala hakusoma sera, alipatafuta kwa uvumilivu kama anavyochambua mchele. Hakupaona. Huyu ndiye ambaye yeye mama alikuwa akimwambia kila kitu, hata zile siku ambazo hawakuwa na chakula. Wengine aliwaficha, huyu hakumficha.

"Wewe ndiye mwenye ripoti," akasema. "Si wameacha?"

Msomi akainamisha kichwa. Vidole vikakunja na kukunjua kamba ya boksi. Alipoinua uso alikuwa amekwisha elewa kwamba hataambiwa, na hakuuliza tena. Akasema mvua mwaka huu zimechelewa. Mama yake akakubali kwamba zimechelewa. Wakaendelea kuzungumza juu ya mvua, taratibu, kwa adabu, kama watu waliokutana foleni.