Cherehani Madhabahuni

Mume wangu alirudi kutoka siku ya kwanza ya semina ya uwakili akiwa mtu mpya. Alisimama katikati ya sebule, Biblia kwapani, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo sisi hatuna mali. Nikatazama kochi lililopasuka, meza iliyoegemezwa tofali, na pazia nililolishona kwa mabaki ya sare za shule. Nikamwambia habari hizo ninazo siku nyingi.

"Mke wangu, usilete mzaha. Vyote ni vya Mungu. Sisi ni mawakili tu."

"Amina," nikasema, nikaendelea kukanyaga cherehani, maana kati ya mawakili wawili lazima mmoja afanye kazi.

Kesho yake alinunua bahasha, kwa hela alizoniomba mimi. Akaziandika kwa kalamu nene: Zaka, Chakula, Ada, Kodi, na iliyonona kuliko zote, Maono. Maono, nilikuja kuelewa, ni suti. Mjumbe wa kamati ya uwakili hawezi kuwafundisha watu kuridhika na kidogo akiwa na koti lililopauka. Kila jioni nilipopokea hela za mishono alinyoosha mkono, akafumba macho, akaomba, akagawa. Jasho langu, mwandiko wake. Si wanasema ndoa ni kusaidiana?

Yeye kazi ya ghalani ilikuwa imekwisha tangu mwaka juzi, lakini neno hilo halikutajwa nyumbani kwetu. Mgeni akiuliza, aliambiwa baba yuko likizo.

Jumapili ya kufunga semina hiyo ya miezi mitatu, Mwalimu wa Uwakili, bwana mwenye viatu vya kujitazamia, aliuliza nani yuko tayari kumtolea Mungu kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani kwake. Watu wakasimama. Mmoja akatoa jogoo. Mwingine akatoa redio ambayo mtaa mzima ulijua kwamba ni bubu. Ndipo mume wangu akainuka, kifua mbele.

"Mimi na nyumba yangu tunatoa cherehani!"

Nyumba yake nilikuwa benchi la tatu upande wa kina mama, sijaulizwa hata kwa jicho. Kanisa zima likapiga makofi. Dada niliyekaa naye akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba nina bahati kupata mume mwenye imani kubwa hivyo. Nilitamani kumng'ata.

Cherehani kile nilikinunua kabla sijamjua huyo mwenye imani, kwa hela za kufua nguo za watu. Ndicho kilichokuwa kikilipa kodi, ndicho kilichowaweka watoto wangu darasani. Na wakati huo sare mpya za kwaya ya kanisa hilohilo zilikuwa zimelala kitandani kwangu, zimekatwa, zinasubiri kushonwa.

Wahudumu wawili wa kanisa walikuja kukichukua kwa mkokoteni. Walikuwa na haraka takatifu, hata chai hawakunywa. Nililia. Nililia vibaya, kwa kamasi, nimekaa kwenye kistuli changu mbele ya ukuta mtupu.

"Ungeniuliza," nikamwambia mume wangu.

"Mungu akimgusa mtu, kuna kuulizana?"

"Na ada ya watoto?"

"Bwana atatoa."

"Alikuwa anatoa. Mmempakia kwenye mkokoteni."

Akaniambia nimepungukiwa imani. Ni kweli, nilipungukiwa. Nilipungukiwa na uzi pia, lakini huo haukuwa na kazi tena.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, vitu vikanadiwa uwanjani. Jogoo akaenda kwa bei nzuri. Redio ilikosa mteja mpaka aliyeitoa akaona haya, akainunua mwenyewe. Kisha mzee wa kanisa akagonga ubao wa cherehani changu kwa kidole, akaulizia bei.

"Laki moja," akasema Bibi Vitambaa, mwenye duka kubwa la nguo. Huyu mama alikuwa akinibembeleza miaka nikamshonee dukani kwake kwa mshahara mdogo wa kulia kivulini. Akikipata cherehani, na mimi amenipata.

Nikafungua mkoba, nikatoa bahasha iliyoandikwa Maono.

"Laki na nusu!"

Mume wangu aliutambua mwandiko wake. Akajishika koti lililopauka. Angedai nini, na yeye mwenyewe alishatangaza kwamba hana mali?

"Laki mbili," akasema Bibi Vitambaa.

"Mbili na ishirini." Hapo bahasha ikawa imefika chini, na suti nayo.

"Mbili na nusu," akasema yule mama, huku anapangusa vumbi begani.

"Mara ya kwanza!" mzee wa kanisa akapaza sauti. "Mara ya pili!"

Hela zilikuwa zimeisha. Mdomo, hata hivyo, haukuisha. Mama yangu alinizaa nao hivyo.

"Mzee, naomba tangazo dogo. Atakayenunua apitie nyumbani achukue na sare za kwaya. Zimekatwa zote, hata moja haijashonwa. Askofu si anakuja Jumapili ijayo?"

Kiongozi wa kwaya alitoa sauti ambayo hata kwenye wimbo wa sifa hajawahi kuifikia. Akamgeukia Bibi Vitambaa. "Utatushonea wewe?"

"Mimi? Mimi nauza tu, mwenzangu. Hata sindano sijui kuitunga."

"Basi teremsha mkono! Mnataka tumpokee askofu na vitambaa mabegani?"

Mkono ukateremka. Cherehani kikaniangukia mimi kwa laki mbili na ishirini. Mwalimu wa Uwakili akasema hakika Mungu ana njia zake, akaingia kwenye gari lake.

Watu wakatawanyika. Mkokoteni wa kanisa, ambao kuchukua ulijua, kurudisha ukawa na shughuli nyingine. Nikabaki na cherehani changu, na mume wangu amesimama pembeni.

"Umeniaibisha mbele za watu," akasema.

Jibu la hapo nilikuwa nimelinoa wiki nzima. "Siku nyingine utoe cha kwako."

Nilitegemea aya ya Biblia. Akainamisha kichwa.

"Sina," akasema.

Nikaweka mkoba juu ya cherehani.

"Kila mtu alikuwa anasimama, mama. Hata yule wa redio. Mimi ningesimama na nini?"

Tangu ghala limwachishe kazi, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli. Hasira haikuniisha, nisidanganye. Lakini nilimhurumia, na maneno yote makali niliyoyaweka akiba nikayaacha hukohuko akibani.

"Una mikono," nikamwambia. "Shika huo upande mzito, twende."