Soksi za Kiranja wa Afya

Josephati, kiranja mpya wa afya, alisimama mbele ya bweni zima kwa uzito wa askofu. Alitangaza kwamba kuanzia kesho kila mtu ataoga alfajiri, baridi ya Karatu iwepo isiwepo.

"Vizuri, mwanangu," alisema Matroni Marsela. "Lakini kabla hatujapanga ya kesho, tujikague tulivyo leo. Anza wewe. Vua soksi."

Josephati aliketi ukingoni mwa kitanda. Tangu shule ifunguliwe alikuwa akinawa uso tu, kisha anapaka miguu mafuta mpaka soksi zinapoanzia. Alivua polepole. Juu miguu iling'aa. Chini vumbi jekundu lilikuwa limehamia na ukoo wake, na kidole gumba kimevimba kwa funza.

"Kiranja, hilo shamba jekundu la Endabash!" alipaza sauti mwanafunzi mwenzake, Qamara. "Tupande mahindi?"

Bweni likaangua kicheko. Josephati alitamani sakafu immeze. Akafungua sanduku, akatoa sabuni. Mwaka ule sabuni iliadimika hata madukani, na yake, aliyokuwa akiibania, ilikuwa bado kwenye karatasi, haijaguswa.

"Na amri yako?" aliuliza Matroni.

"Isubiri," alinong'ona bila kuinua macho. "Kwanza mimi."

Akachukua ndoo, akatoka peku mbele ya wote.