Michungwa ya Mbula

Gedion Kimeu alikuwa mzee wa kanisa, lakini si mtu wa kusimama mikutanoni. Hata siku ile wagombea wawili wa kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi, walipoitwa kanisani pale Mukuyuni waeleze vile wangeleta kazi, alikaa benchi la nyuma na binti yake Mwongeli. Mwongeli alikuwa na diploma ya usindikaji wa vyakula. Kwa miaka mitatu diploma hiyo ilikuwa imelala kwenye bahasha chini ya godoro.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Kaveke, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa mle ndani.

"Mimi sina kiwanda cha kuwaahidi," alisema. "Nitaanza na ushirika, tuuze machungwa yetu pamoja, broka aache kutuchezea mmoja mmoja. Na barabara za wadi zitengenezwe na vijana wa hapa. Ni kazi ya polepole, lakini ni kazi."

Watu walimpigia makofi ya heshima.

Kisha akasimama Ndululu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Salama. Yeye alikuja na ahadi ya kiwanda cha juisi. Vijana sitini wataandikwa, alisema, na wa kwanza watatoka boma litakalotoa ardhi. "Nani atatupa ekari moja karibu na barabara?"

Gedion alimtazama Mwongeli, akaona vile alivyoinua uso. Ilikuwa muda mrefu hajamwona hivyo. Akasimama.

"Mimi nitatoa," alisema.

Ekari ile ilikuwa na michungwa arobaini na miwili. Ilipandwa na marehemu mkewe, Mbula. Aliotesha milimau kwanza, kisha akajifunza kwa mkono wake kubebesha vikonyo vya michungwa kwenye mashina ya milimau hiyo, akivifunga kwa vipande vya nailoni, na mwaka wa ukame mkubwa aliinywesha maji aliyooshea vyombo. Alipofariki, Gedion hakwenda sana makaburini. Akimkumbuka alikuwa anaingia pale shambani kupalilia.

Ndululu alishinda. Mwezi wa kumi alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema wahandisi watafika wakati wowote na wasingependa kukuta shamba lina miti.

"Nikate sasa, na matunda bado mabichi?" Gedion aliuliza.

"Mzee, tukichelewa, mradi utaenda kwingine."

Gedion alikataa kuajiri mtu wa msumeno. Alikata mwenyewe kwa shoka, siku nne, na kila jioni Mwongeli alimletea maji ya kunywa. Siku ya tatu alimkuta amekaa chini, ameshika shina lililokuwa bado na kovu la pale Mbula alipobebesha. Mwongeli alifungua kinywa kama mtu anayetaka kusema kitu. Kisha akachukua kikombe, akarudi nyumbani.

Alikuja mpima ardhi mmoja, akapigilia bikoni nne za mipaka, akaenda. Mvua ilinyesha, nyasi zikameza bikoni. Mwaka ukaisha, na mwingine ukaanza. Mwongeli alikuwa amepiga pasi suruali nyeusi na shati jeupe, kwa sababu aliambiwa angeweza kuitwa kwenye mahojiano siku yoyote. Nguo zilikaa kwenye msumari hadi vumbi likaingia mabegani.

Mwishowe Ndululu aliita baraza sokoni, akatangaza kwamba kiwanda kitajengwa kule Tawa. Huku kwetu stima ya kuendesha mashine kubwa haijafika, alisema, nayo kaunti haina pesa ya kuivuta. Baadaye alimfuata Gedion pembeni.

"Mzee, sikukudanganya. Nilikipigania kiwanda hadi mwisho."

Gedion alimtazama usoni, akaona kwamba pengine ni kweli, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Na miti?" aliuliza.

"Utapanda mingine."

Gedion alikuwa na miaka sabini na moja. Alirudi nyumbani polepole.

Wiki iliyofuata Mwongeli alihamia Salama kuuza matunda kando ya barabara kuu. Aliaga kwa maneno machache, na Gedion akaamini moyoni kwamba binti yake hawezi tena kumtazama kwa sababu ya miti ile. Alivumilia miezi miwili, kisha akamfuata.

Alimkuta chini ya mwavuli, machungwa yamepangwa kwa mafungu mbele yake. Mwongeli alimvutia kreti akae.

"Haya yametoka wapi?" Gedion aliuliza, akigusa moja.

"Tanzania, Baba. Ya kwetu hayatoshi."

Malori yalipita yakielekea Mombasa. Gedion alikuwa ameandaa maneno yake njia nzima.

"Mwongeli, nimekuja unisamehe. Nilikata miti ya mama yako kwa maneno ya mtu."

Mwongeli alianza kulia, akainamisha kichwa wapita njia wasimwone.

"Kabla hujakata, nilikutana na Mwalimu Kaveke sokoni," alisema. "Alisema stima haijafika. Alisema nikuambie usiguse mti hata mmoja kabla hujaona karatasi za mradi. Sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Niliitaka ile kazi, Baba. Nilijiambia labda mwalimu ana uchungu wa kushindwa. Kila jioni nilikuletea maji nikitaka kusema, na kila jioni nilikuta imebaki michache."

Gedion alitafuta hasira, asiipate. Alimwona tu jinsi alivyosimama shambani na kikombe, akabeba jambo hilo peke yake muda wote, huku yeye Gedion akidhani ni chuki.

Lori lilisimama. Dereva akauliza kama machungwa ni matamu. Mwongeli alijipangusa uso kwa leso, akainuka kumhudumia. Gedion aliinuka kwenye kreti, akachagua machungwa makubwa, akamkabidhi binti yake amuuzie dereva.